Hita, Chemchemi au "Giza"? Diani yatafuta majina ya maji yanayofoka

NA MWANDISHI WETU, DIANI

*Neno moja la kigeni limebebeshwa mzigo wa vitu vitatu: chemchemi ya maji moto, chemchemi inayofoka, na tangi la kupashia maji nyumbani. Katika Pwani ya Kusini, ambako visima vina chumvi na ardhi yenyewe ina maji moto yake, uchaguzi wa jina umekuwa jambo la usalama wa watu.*

Katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Ukunda, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Lunga Lunga, mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha wageni alisimama mbele ya meza ya muuzaji, mkononi ameshika kichwa cha shawa cha plastiki ambacho waya wake wa ndani ulikuwa umekatika na kuota ukoko mweupe wa chumvi, akaomba apewe hita nyingine kama hiyo, lakini isiyokufa upesi.

"Mama, wataka ya instanti au wataka giza?" akauliza kijana wa dukani, na kwa neno hilo la mwisho alikusudia lile tangi la chuma lililotundikwa ukutani nyuma yake, ambalo kwa Kiingereza huitwa geyser.

"Giza la nini tena, mwanangu? Mimi nataka maji moto ya wageni."

Fundi wa umeme aliyekuwa akingoja zamu yake, mtu wa makamo, alikichukua kile kichwa cha shawa, akaukwangua ule ukoko kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akauliza suala lililokuwa na maana kuliko yote yaliyotangulia: "Samahani, mama, maji yako ni ya mfereji au ya kisima?"

Yalikuwa ya kisima, na kifaa kilikuwa cha maji matamu. Muuzaji hakuwa na nia mbaya wala mnunuzi hakuwa na uzembe. Bali jina "hita", walilolitumia wote wawili, lilikuwa pana mno kuweza kuonyesha tofauti iliyokuwepo, na jina "giza", lililoletwa badala yake, lilikuwa tayari lina maana nyingine katika kichwa cha kila mtu azungumzaye Kiswahili.

Mintarafu ya neno hilo na ndugu zake ndiyo makala haya yameandikwa, kwani aghalabu tunapojadili istilahi hudhaniwa kuwa ni starehe ya wanazuoni, ilhali hapa Diani istilahi imeingia bafuni, imeingia darasani, na huenda siku moja ikaingia katika baraza ya kijiji kilicho na maji moto chini ya ardhi yake.

Maji ya kisima na waya ulio wazi

Sehemu kubwa ya ufuo wa Diani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mwamba wenye vishimo na nyufa ambamo maji ya mvua hupenya upesi na maji ya bahari nayo hupata njia ya kuingia kutoka chini, hata ikawa kisima kilicho karibu na pwani, hasa kikivutwa kwa pampu mchana kutwa wakati wa msimu wa watalii, hutoa maji yaliyokolea chumvi na chokaa kuliko kisima kilicho mbali kidogo upande wa bara.

Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu. Katika shawa za instanti zilizo nyingi madukani, waya wa kupashia hukaa wazi ndani ya maji yenyewe. Maji yakiwa matamu, na waya wa ardhi ukiwa umefungwa barabara, chombo hufanya kazi yake kwa amani, bali maji yakiwa ya chumvi, waya huliwa kwa muda mfupi na umeme hupata njia ya kuvuja kumfuata mwogaji.

Kwa ajili hiyo viwanda hutengeneza aina ya pili, ambayo waya wake umefungiwa ndani ya mrija wa chuma wenye kizio cha umeme, na wauzaji wa Pwani huijua kwa jina la shawa ya maji ya chumvi. Kwa macho ya mnunuzi aina hizo mbili hufanana sana; zote nyeupe, zote za plastiki, zote zimo katika boksi lenye maandishi ya kigeni.

Fauka ya hayo, shawa ya instanti hutumia umeme mwingi kwa mara moja, aghalabu kilowati 3 hadi 5 na zaidi, kiasi ambacho soketi ya kawaida ya ampea 13 haiwezi kukibeba bila ya kuungua, na kwa hivyo hudai kebo yake nene, swichi yake peke yake, na mtu aliyesoma kazi ya kuifunga.

> Aina hizo mbili hufanana sana. Zote nyeupe, zote za plastiki, zote zimo katika boksi lenye maandishi ya kigeni.

Huenda msomaji wa bara akauliza, kuna haja gani ya maji moto katika nchi ya joto kama Diani. Jibu lake ni kwamba haja hiyo ni ya kale kuliko hoteli zote. Mzazi wa Pwani hukandwa kwa maji moto siku zake za arobaini, mzee mwenye maumivu ya viungo huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, na asubuhi za kusi, upepo unapovuma kutoka baharini na mvua ya usiku haijakauka, hata kijana mwenye afya hutamani ndoo iliyotiwa kata mbili za maji yaliyotokota.

Kilichobadilika ni chombo. Sufuria juu ya mafiga imeachia nafasi yake hita ya umeme, na watalii, ambao kwao maji moto bombani ni haki isiyoulizwa, wameifanya hita kuwa sharti la kila nyumba ya kupangisha kutoka Tiwi hadi Gazi.

Neno lililosafiri kutoka Aislandi

Asili ya neno geyser ni bonde la Haukadalur, kusini-magharibi mwa Aislandi, palipo na chemchemi iitwayo Geysir, ambayo habari zake zimeandikwa tangu mwaka wa 1294. Jina hilo limetokana na kitenzi cha Kiaislandi chenye maana ya kutoka kwa nguvu, na wasafiri wa Ulaya walipoiona chemchemi hiyo ikirusha maji yake angani, walilichukua jina la moja likawa jina la zote.

Chemchemi za namna hiyo ni adimu. Dunia nzima inakadiriwa kuwa nazo kiasi cha 1,000, na takriban nusu yake zimo katika Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani; zilizobaki zimetawanyika katika Kamchatka ya Urusi, Chile, New Zealand, Aislandi, na mahali pachache penginepo.

Mwaka wa 1868 Mwingereza Benjamin Waddy Maughan alisajili mjini London chombo cha kupashia maji ya bafuni kwa moto wa gesi, akakiita Geyser kwa kuifuata chemchemi ile. Chombo hicho hakikuwa na dohani ya kutolea moshi nje, na hatari yake ilijulikana mapema. Hata hivyo jina lilishika, likasafiri pamoja na mamlaka ya Waingereza mpaka India na Afrika ya Kusini, ambako hata leo geyser ni tangi la maji moto la nyumbani kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Kufika kwake katika Pwani yetu si ajabu, kwani Bahari ya Hindi imekuwa njia ya bidhaa na majina yake tangu zamani. Ajabu ni kwamba lafudhi ya Kiingereza ya neno hili, likitamkwa kwa ulimi wa Mswahili, huangukia moja kwa moja juu ya neno letu la kale, giza, na hivyo mgeni akamkuta mwenyeji ameketi katika kiti alichokitaka.

Maji moto ya Mwananyamala

Kaunti yetu ya Kwale haina chemchemi ya kuruka kama ile ya Aislandi, lakini isidhaniwe kuwa haina maji moto. Upande wa bara wa Pwani ya Kusini, karibu na mlima Jombo, pana mahali paitwapo Mwananyamala, ambapo maji moto hububujika kutoka ardhini. Wenyeji Wadigo huyaita kwa lugha yao *madzi ga moho*, na wako waendao kuyaoga kwa kutaraji nafuu ya ngozi na viungo.

Mlima Jombo ni masalia ya mwamba ulioyeyuka ukapanda kutoka chini na kupoa katika zama zilizopita za dunia, pamoja na jirani yake Mrima, kilima chenye msitu na madini adimu. Moto huo wa kale umekwisha zamani. Bali joto la ardhi huongezeka kwa kiasi cha nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita ya kwenda chini, na maji ya mvua yakipata ufa mrefu wa kuyashusha na ufa mwingine wa kuyapandisha kwa haraka, hutoka yakiwa moto bila ya kuhitaji volkano iliyo hai.

Mwananyamala imetajwa katika orodha ya maeneo ya Kenya yanayostahili kuchunguzwa kwa ajili ya nishati ya joto la ardhi, ijapokuwa iko mbali na Bonde la Ufa ambako kituo cha Olkaria kilianza kutoa umeme mwaka wa 1981.

Ng'ambo ya mpaka, katika Tanga, yako maji ya kiberiti ya Amboni, yajulikanayo kwa jina la Galanos. Na jina Maji Moto lenyewe limekuwa jina la mahali katika Narok ya Kenya, na katika Mara, Manyara na Katavi za Tanzania, ithibati ya kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakungoja kamusi iwape ruhusa ya kukiita kitu walichokiona.

Kinachofanya maji yafoke

Maji moto yakitoka ardhini polepole, hiyo ni chemchemi ya maji moto. Ili yafoke, yaani yaruke kwa nguvu, yatulie, kisha yaruke tena, yahitaji mambo matatu kwa pamoja: maji ya kutosha, joto kali lililo karibu, na njia nyembamba ya kupandia iliyo na mahali palipobana.

Siri yote imo katika uzito wa maji. Maji yaliyo chini ya nguzo ya mita 10 ya maji mengine hubanwa kwa kanieneo maradufu ya lile la hewa ya pwani, na kwa sababu ya kubanwa huko hayachemki yafikapo nyuzi 100, bali huendelea kupata joto mpaka karibu nyuzi 120. Yakianza kuchemka kidogo, mapovu huyasukuma nje maji ya juu, uzito hupungua ghafula, na yale ya chini, ambayo joto lake limezidi mno kwa hali hiyo mpya, hugeuka mvuke kwa mara moja. Na mvuke huchukua nafasi kama mara 1,700 ya maji yaliyouzaa.

Katika Afrika, mahali pa kuyaona hayo kwa wingi ni ufuo wa Ziwa Bogoria katika Kaunti ya Baringo, hasa Loburu, ambako maji yamekuwa yakirushwa hata kufikia mita kadhaa. Ziwa hilo liko takriban mita 990 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 au 97, nao wageni wamezoea kuyatumia kuchemshia mayai.

Bogoria ilitiwa katika orodha ya ardhioevu za Ramsar mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 ikaingia, pamoja na Nakuru na Elementaita, katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tangu mwanzo wa mwongo huo wa 2010 maji ya ziwa yamepanda sana, na nyingi ya chemchemi zake za kufoka zimezama. Mwanafunzi wa Msambweni asomaye leo juu ya chemchemi hizo anasoma habari ya kitu ambacho nchi yake imo hatarini kukipoteza.

> Maji yaliyobanwa hayachemki kwa nyuzi 100. Yakiachiwa ghafula, hugeuka mvuke kwa mara moja.

Tangi la ukutani lina tabia hiyo hiyo

Laiti jina la geyser lingekuwa limepewa tangi la nyumbani kwa mapambo tu, mjadala huu ungekuwa mwepesi. Bali tangi lililofungwa, likiharibika, hufanya sawasawa na lile ambalo chemchemi ya Bogoria hufanya.

Maji yakipata joto hutanuka. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa takriban lita moja na nusu, na lita hiyo na nusu lazima ipate pa kwenda. Ndiyo maana kila tangi zuri lina kidhibiti cha joto, ambacho hukata umeme maji yakifika kiwango kilichowekwa, na lina valvu ya usalama, ambayo hufunguka na kutoa maji kanieneo likizidi.

Sasa na izingatiwe hali ya Diani. Maji ya visima vya matumbawe yamejaa chokaa, na chokaa hujitenga na maji yakipashwa, ikaganda juu ya waya, ikaganda katika mirija, na mwishowe ikaganda katika mdomo wa ile valvu. Mafundi huifungua wakaikuta imekuwa nyeupe na ngumu, haisogei mbele wala nyuma.

Ikitokea valvu imeganda na kidhibiti cha joto nacho kimekufa, maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa kuwa yamebanwa. Tangi la lita 100 likipasuka maji yake yakiwa na nyuzi 120, takriban lita 6,000 za mvuke huzaliwa kwa kufumba na kufumbua ndani ya chumba kisichozidi hatua tatu kwa tatu.

Tone dogo linalodondoka katika mrija wa valvu hiyo wakati wa kupasha maji si ubovu, bali ni dalili ya kuwa inafanya kazi. Mwenye nyumba asiyejua jina la valvu wala kazi yake huliona tone hilo kama hasara, akamwita mtu aje kuliziba. Na kuliziba ni kuondoa kinga ya mwisho.

Rai tatu zinazoshindana

Juu ya majina ya vitu hivi, wasemaji wa Pwani ya Kusini wamegawanyika katika rai tatu, na kila moja ina haki yake ya kusikilizwa.

Rai ya kwanza ni ya wafanya biashara na vijana wa dukani, wasemao kwamba bidhaa huja na jina lake, na kwamba Kiswahili hakikuanza leo kupokea. Meza na leso zimetoka kwa Wareno, gari na chapati zimetoka Bara Hindi, kitabu na kalamu zimetoka kwa Waarabu, wala hakuna mtu leo azionaye kuwa ni ngeni. Basi kwa nini hita, boila, sola na instanti zikataliwe, hali kila mtu anazielewa?

Rai ya pili ni ya walimu na wapenda lugha, ambao hujibu kwamba kupokea si kosa, lakini kupokea pasipo kuchagua ni udhaifu. Mwalimu wa jiografia akiulizwa geyser ni nini kwa Kiswahili, jibu lililozoeleka ni "chemchemi ya maji moto", na jibu hilo humfundisha mtoto kuwa Mwananyamala na Loburu ni kitu kimoja, ambapo moja hububujika na nyingine hufoka, na sababu ya tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo lenyewe.

Wanatoa na mfano wa jirani. Karibu na Boma Ng'ombe katika mkoa wa Kilimanjaro pana ziwa dogo la maji maangavu, Kikuletwa, ambalo watu wamelipa jina la Chemka kwa sababu ya jinsi maji yanavyobubujika kutoka chini. Watalii hutangaziwa kuwa ni chemchemi ya maji moto, wakafika, wakayakuta maji ya baridi ya kupendeza. Mwenyeji alisema kweli kwa neno lake. Aliyelifasiri ndiye aliyepoteza maana njiani.

Rai ya tatu ni ya mafundi, nao hawana ugomvi na asili ya neno, liwe la Kiarabu, la Kihindi au la Kidigo. Wao hutaka jina limwambie mteja mambo matatu: maji yanapashwa papo hapo au yanawekwa, yanapashwa kwa umeme, gesi au jua, na chombo ni cha maji matamu au cha maji ya chumvi. Jina lisilosema hayo, kwao ni nusu ya jina.

Pwani haina upungufu wa maneno

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba rai ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na haki, na kwamba rai ya pili ndiyo iliyo na akiba ya kuitimizia haja yake. Maana lugha yetu imeyapima maji na joto lake kwa uangalifu ambao lugha nyingi zingeuonea wivu.

Maji yaliyoondoka baridi ni ya uvuguvugu. Yakizidi ni moto. Yakianza kutoa mapovu huchemka, na yakiwa yamechachamaa jikoni hutokota. Yakipanda na kumwagika nje ya sufuria kwa nguvu, hufoka, na ndilo neno lilo hilo tunalomsemea mtu ambaye hasira zimemshinda kuzuia. Kwa maji ya ardhini tuna chemchemi, tuna jicho la maji, tuna kububujika, kuchimbuka na kufurika.

Katika maneno hayo yote, kufoka ndilo lililobeba sababu yenyewe: kitu kilichobanwa kikatoka kwa kishindo. Basi geyser ya ardhini na iitwe chemchemi ya kufoka, wala hapana haja ya kuazima. Ile ya Mwananyamala ibaki na jina ililopewa na wenyewe, chemchemi ya maji moto. Vyombo vya nyumbani navyo vichukue neno hita, ambalo limekwisha kupata uraia, lakini lipewe mwenzi wa kulifafanua: hita ya tangi, hita ya papo hapo, hita ya jua, na pale panapohusika, hita ya maji ya chumvi.

> Chemchemi ya maji moto hububujika. Chemchemi ya kufoka huruka. Hita ya tangi lazima izuiwe isifoke.

Neno "giza", kwa maana ya tangi, liachwe. Silikatai kwa kuwa ni geni. Nalikataa kwa kuwa limegongana na maana iliyo hai katika kinywa cha kila mtoto, na chombo chenye hatari hakistahili jina ambalo msikilizaji wake atalifahamu kwa namna nyingine.

Nani mwenye wajibu

Kazi ya kusanifu istilahi ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ndiyo iliyosimamisha Kiswahili sanifu juu ya msingi wa Kiunguja. Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka wa 1967. Na Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha iliyopewa cheo hicho katika sheria inastahili kuonekana juu ya boksi la chombo kinachoweza kuua.

Serikali ilipotoa mwaka wa 2012 kanuni za kupasha maji kwa nguvu za jua, zilizoyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge mitambo hiyo, na kuyapa majengo yaliyokuwepo muda wa miaka 5, wenye hoteli wa Diani waliarifiwa na wanasheria wao kwa Kiingereza. Mwenye nyumba mbili za kupangisha huko Kona ya Musa hana mwanasheria, na kwake yeye kanuni isiyofika kwa lugha yake ni kama haikutolewa.

Kadhalika na Mwananyamala. Katika New Zealand, kituo cha Wairakei kilipoanza kutoa umeme wa joto la ardhi mwaka wa 1958, chemchemi za kufoka zilizokuwa katika bonde la jirani zilikufa kwa kuwa maji na joto lao vilivutwa na visima vya mitambo. Endapo wahandisi watakuja siku moja kwa wazee wa Mwananyamala na ramani zao, wazee hao wana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kilicho wazi ni nini kitachimbwa, kanieneo ni nini, na chemchemi yao yaweza kufanywa nini na uchimbaji huo. Kwani ridhaa ya mtu asiyeelewa si ridhaa.

Hakuna katika hayo jambo linalohitaji kungoja kikao kikubwa. Mwalimu wa jiografia aweza kesho kuandika ubaoni "chemchemi ya kufoka" na kuchora chini yake njia iliyobana. Mwenye duka aweza kubandika juu ya kila boksi mistari minne ya Kiswahili: aina ya hita, aina ya maji inayoyafaa, kiasi cha umeme inachotumia, na mahali ilipo valvu ya usalama pamoja na onyo la kwamba isizibwe. Fundi aweza kumwonyesha mwenye nyumba valvu hiyo kwa mkono wake, na kumtajia jina lake, kabla ya kupokea ujira.

Gharama ya hayo ni karatasi, wino na robo saa ya mazungumzo. Na kwa kuwa msimu wa wageni huanza kila mwaka kwa nyumba mpya na hita mpya, inafaa kazi hiyo itangulie wageni, ianzie Ukunda, ambako vyombo vyenyewe huuzwa.